Dada Kutoka Kichupani

Wivu wa watu wengine huanzia moyoni. Wivu wa Flashi ulianzia kwenye kidole gumba cha mchumba wake.

Kidole chenyewe kilikuwa kinene, kina alama ya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, maana mwenyewe alikuwa fundi wa lifti na kutwa alishinda kwenye mashimo ya maghorofa. Zamani kilikuwa kidole kizito. Flashi akituma ujumbe mrefu wa mapenzi, wenye aya kabisa, jibu lilikuwa "Sawa." Akituma picha yake ndani ya gauni jipya, jibu lilikuwa "Safi." Sasa ghafla kidole kimepata wepesi. Kinakwenda juu ya simu kama sindano ya cherehani, na mwenye kidole anatabasamu peke yake, meno yote nje, na tabasamu hilo halimhusu Flashi hata kwa mbali.

"Unaongea na nani?"

"Dada."

"Dada yupi? Yule wa mate?"

"Usimwite hivyo, bwana. Yule ni damu yangu."

"Ni mate yako. Damu hukutoa."

Hapa inabidi tueleze mambo kwa utaratibu, maana hata kesi ya wivu ina haki ya kusikilizwa.

Flashi alikuwa mpiga picha. Studio aliachiwa na marehemu baba yake: chumba kimoja kinachotazama barabara, pazia jeupe, taa za miamvuli, stuli ya kuzunguka, na kioo ambacho wateja hujitazama na kukata tamaa. Jina alipewa na wateja wenyewe, kwa sababu taa yake humulika mara mbili. Ya kwanza ni ya kukushtua tu, haina picha. Ya pili hukukuta umeshatulia. Mtindo huo alifundishwa na baba yake akiwa bado hafikii meza, na baba alimwambia ni siri yao, ya watu wawili tu duniani.

Fundi aliingia pale kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Alifumba macho. Wakarudia, akafumba. Akaambiwa arudi kesho, akarudi, akafumba tena. Baada ya wiki nzima ya kufumba, alikiri kwamba anafumba makusudi, na mapenzi yakaanza hapo hapo, mbele ya pazia jeupe.

Kikwazo kilikuwa Shangazi. Ndiye aliyebaki kuwa mzazi wa Flashi, na Fundi alilelewa kwenye kituo cha watoto, hajui baba wala mama.

"Simchukii," Shangazi alisema. "Kijana mtaratibu. Na lifti ya hospitali tangu aishike haijamfungia mtu. Lakini siku ya kuoana, upande wake atakaa nani? Viti? Aniletee mtu mmoja wa damu yake. Mmoja tu, nimwone kwa macho. Ndipo tupange siku."

Ndiyo maana walinunua vile vichupa. Siku hizi vinauzwa kwenye duka la dawa, rafu moja na miswaki: unatema mate, unabandika kibandiko chenye namba, unatuma maabara, kisha simu inakuambia wewe ni nani. Kila mtu anatema. Bosi wa Fundi alitema, akaambiwa ana asilimia kidogo ya watu wa visiwani, na tangu hapo anasimulia bahari kana kwamba aliwahi kuiona. Pakiti ilikuwa na vichupa viwili, na Flashi naye akatema, kwa kuunga mkono.

Majibu ya Flashi hayakuja. Waliambiwa mate yameharibika. Majibu ya Fundi yakaja na ramani yenye rangi, na chini ya ramani jina la mwanamke, na maneno: uwezekano mkubwa, ndugu wa baba mmoja. Fundi aliyasoma akiwa kazini. Aliisimamisha lifti katikati ya ghorofa ili alie mpaka amalize.

Flashi alilia naye jioni ile, kwa furaha ya kweli. Furaha hiyo ilidumu mpaka Fundi aliponyoa.

"Umenyoa?"

"Dada anasema nywele fupi zitanipendeza."

"Mimi nilikwambia unyoe tangu mwaka jana!"

"Ulisema nafanana na brashi ya choo."

"Nilikuwa nakushauri!"

"Yeye alisema nina kichwa kizuri, nisikifiche."

Kisha Fundi akaanza kunywa maji mengi, kwa sababu Dada anasema maji ni muhimu. Akaanza kulala mapema, kwa sababu Dada. Siku moja Flashi akaichukua simu ile kutazama saa, akagundua jambo zito zaidi.

"Mimi umeniandikaje humu? 'Flashi Studio'. Kama mtu wa kukuuzia fremu! Na yeye ni 'Dada Wangu', na moyo mwekundu pembeni."

"Sasa nikuandike nani?"

"Sijui! Weka moyo! Weka hata figo!"

Fundi alicheka, akaweka moyo. Lakini moyo wa kuombwa hauna utamu, na Flashi alijua kwamba ule wa Dada haukuombwa.

Kwa hiyo Dada alipotangaza kwamba anakuja kwa basi kuonana na kaka yake, na Shangazi akasema atapita saa kumi kumkagua, Flashi ndiye aliyependekeza wakutane studio.

"Kuna utulivu," alisema.

Sababu halisi ilikuwa taa. Mpiga picha yeyote anajua mwanga unaomfanya mwanamke aonekane malkia, na anajua mwanga wa kutokea chini ya kidevu, unaomfanya aonekane amefukuliwa. Flashi alizishusha taa. Akaizungusha stuli mpaka chini kabisa, ili shingo ya mgeni ipotee mabegani. Akatazama kazi yake, akaiona njema.

Mgeni akaingia.

Alikuwa mwalimu wa kuogelea, mrefu, mabega kama kabati, nywele ndefu zimeachiwa mpaka shingoni, na sauti iliyozoea kuita watoto wa upande wa pili wa bwawa.

"Kaka!"

Alimkumbatia Fundi mpaka soli za viatu vya Fundi zikaiaga sakafu. Flashi alianza kupanga lenzi zake kwa ukubwa. Kumbatio liliendelea. Akazipanga kwa rangi, ingawa zote ni nyeusi.

"Na huyu ndiye wifi! Wifi jamani, Kaka hana hadithi nyingine. Flashi kafanya hivi, Flashi kasema vile. Nilimwambia, kaka, niambie basi na habari zako."

"Karibu," alisema Flashi, kwa ukarimu wa mtu anayesaini kupokea mzigo.

"Ngoja, una uchafu," Dada alimwambia Fundi. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akamfuta grisi ya shavuni kwa mate yake mwenyewe, na Fundi, mtu mzima mwenye ndevu, akafumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

Flashi hakuwahi kuruhusiwa kufuta grisi ile. Fundi husema ni alama ya kazi.

"Nikupige picha," Flashi alisema. "Ya kumbukumbu."

"Tupige wote, na Kaka!"

"Kwanza peke yako. Napima mwanga. Keti hapo."

Dada akakaa kwenye stuli, magoti yakamfika kifuani. Taa za chini zikamwangaza. Flashi akaweka jicho kwenye kamera kwa matumaini makubwa, akakuta, kwa uchungu, kwamba mgeni anapendeza hata akiwa amefukuliwa.

"Inua kidevu. Shusha. Hapana, inua." Akatafuta kasoro kila mahali. Pua haikuwa na kosa. Meno ndiyo kabisa. "Rudisha nywele nyuma. Masikio yaonekane."

"Aa, wifi, masikio yangu siyapendi."

Moyo wa Flashi ukaruka kwa furaha. "Ndiyo utaratibu wa picha, dada. Serikali inataka masikio."

"Picha ya kumbukumbu nayo ni ya serikali?" aliuliza Fundi.

"Wewe nyamaza, unatingisha sakafu."

Dada akacheka, akazikusanya nywele kwa mikono yote miwili, akazirudisha nyuma.

Sikio la kulia lilikuwa sikio. La kushoto lilikuwa limekunjwa juu, kikunjo kidogo kinachoangukia mbele, kama kona ya ukurasa aliyoikunja mtu ili akumbuke alipofikia.

Flashi alisogeza lenzi. Akasogeza tena. Kisha akasahau kubonyeza, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda wenyewe, ukaingia chini ya nywele zake, ukashika sikio lake, juu, pale panapokunjika.

"Wifi? Vipi, nimeharibu kamera?"

"Baba yenu," Flashi alisema polepole, "alikuwa nani?"

Dada akaziachia nywele. Uso ukawa mpole ghafla.

"Nilikuwa nangoja Kaka ndiye aulize. Sikutaka kuyaandika kwenye simu, habari za baba ni za kuambiana uso kwa uso. Hakukaa nasi. Mama alikuwa karani wa shule, na baba alipita pale kupiga picha za madarasa. Mpiga picha wa kuzunguka. Mama anasema alikuwa na kamera begani na maneno mdomoni, na alikuwa na ujanja wake: taa ya kwanza anaipiga bila filamu, ili watoto washtuke wamalize. Halafu ndiyo anapiga ya kweli."

"Kumbe mimi ni mtoto wa mpiga picha!" Fundi alirukia katikati ya chumba. "Flashi, umesikia? Mpiga picha, na anapiga mara mbili kama wewe! Ndiyo maana siku ile nilipoingia humu nilihisi nimefika nyumbani!"

Flashi hakumtazama. Alikuwa ameshika meza.

"Fundi. Ile kampuni haikukuandikia kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Cha ajabu."

Furaha ya Fundi ikapungua kidogo. Akatazama viatu vyake. "Kulikuwa na kaujumbe."

"Kaujumbe gani?"

"Si la maana."

"Fundi!"

"Waliandika kwamba nimejaza mimi mwanaume," alisema, akiongea na viatu, "lakini mate ni ya mwanamke. Wakauliza kama kuna makosa."

"Ukasemaje?"

"Nikabonyeza 'Hakuna makosa, endelea'."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu! Ningemuuliza nani? Bosi? Nikadhani labda ni homoni. Ndipo nikaanza kunyanyua vyuma."

"Vile vyuma ulisema ni vya afya ya mgongo!"

"Na ndevu nikaziacha zikue. Kwa tahadhari."

Dada alianza kucheka. Alipoona hakuna mwenzake, akaacha.

Flashi aliikumbuka siku ile vizuri. Walitema wamegeuziana migongo, kwa haya, kwa sababu kuna mambo hata wachumba hawapaswi kutazamana. Vichupa viliwekwa kimoja kando ya kingine kwenye meza hii hii. Kisha sauti ya Shangazi ikasikika mlangoni, na Shangazi anaamini kwamba mate ya mtu hayahifadhiwi kwenye chupa kwa nia njema. Flashi akavisukumia vyote viwili kwenye droo ya betri. Shangazi alipoondoka, wakavitoa, wakabandika vibandiko huku wakifa kwa kicheko, na hakuna aliyejiuliza kipi ni cha nani.

Alirudisha nywele zake nyuma. Sikio ambalo Fundi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulijua likajitokeza mwangani. Dada akainuka kwenye stuli, akazishika tena nywele zake, na wale wanawake wawili wakabaki wametazamana, kila mmoja ameshika kichwa chake.

Fundi alitazama sikio hili, akatazama lile. Yeye si mzito kama kidole chake.

"Kwa hiyo kile kichupa changu," alisema, "ndicho kile kilichoharibika."

"Ulikula pipi ya mnanaa," Flashi alisema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia usile."

"Nilitaka ninukie vizuri."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka na Shangazi akaingia, kitambaa kipya kichwani, uso wa ukaguzi.

"Nimewahi? Haya, mtu wa damu yuko wapi nimwo—"

Aliliona sikio la Dada. Mkono wake ukaruka kwenye kitambaa chake, ukakivuta chini upande wa kushoto.

"Nimesahau pasi kwenye umeme," alisema, akageuka.

"Shangazi," Flashi alisema. "Keti."

Kiti kilichokuwa karibu ni kile kile, stuli fupi. Shangazi akakaa, magoti kifuani, na mwanga wote ulioandaliwa kwa ajili ya mwanamke mwingine ukamwangukia yeye chini ya kidevu. Haukumpendelea.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna mtoto. Sikujua yuko wapi." Shangazi alisugua magoti yake. "Baba yako alizunguka sana na ile kamera, mwanangu. Aliniomba nisikwambie, ulikuwa mdogo. Halafu ukakua, na mimi nikawa mwoga."

"Na bado ulikuwa unamuuliza Fundi ukoo wake!"

"Nilidhani nikiuliza sana wa watu, hakuna atakayeuliza wetu."

Wivu wa Flashi ulibeba vitu vyake ukahama. Sasa ulikuwa kwa baba: ile siri ya watu wawili duniani, ile taa ya kwanza isiyo na picha, kumbe aliitembeza mashuleni, mbele ya makarani. Alitaka kulia, akatamani aliye karibu amshike. Akageuka kumtafuta Fundi.

Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake. Aliuweka mkanda begani kwa uangalifu, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba ya watu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna lifti inanisubiri."

"Hakuna lifti. Umeomba ruhusa leo. Kaa."

"Nikae kama nani, Flashi?" Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Shangazi alitaka mtu mmoja. Sina. Asubuhi nilikuwa naye."

Kwa majuma Flashi alikuwa ameomba kimya kimya kwamba mwanamke yule asiwe wa Fundi. Sasa amepewa, na akatamani arudishe.

"Tutatema tena," alisema, akasimama mlangoni kumzuia. "Nitakutemesha mimi mwenyewe. Nitakulinda na pipi zote za mji huu."

"Na wakisema hakuna mtu?"

Flashi akamshika mkono tu, ule wenye grisi, na Fundi akamwachia aushike lakini hakuushika wake.

"Kaka," Dada aliita.

"Mimi si kaka yako. Ni shemeji, nikibahatika."

"Nani alikuwa ananiuliza kila mchana kama nimekula? Kampuni?" Sauti ile ya bwawani ilijaa chumba. "Nilipokuambia naogopa kumwuliza mama habari za baba, nani aliniambia andika kwanza maswali yako kwenye mkono? Huyu?" Alimnyooshea Flashi kidole. "Huyu nimemjua leo, na amenikalisha kwenye kistuli cha mtoto!"

Flashi alitazama dari.

"Mate ya nani ni kazi ya maabara," Dada aliendelea. "Mimi nilipanda basi kuja kumwona kaka, na nimemwona." Akageuka. "Wewe ni shangazi yangu?"

"Ndiyo," Shangazi alisema kutoka chini.

"Wa damu?"

"Wa damu, mwanangu."

"Na ulitaka upande wa huyu akae mtu mmoja, damu yake ijulikane. Yangu unaijua kuliko mimi. Basi nitakaa mimi."

Shangazi alifungua mdomo. Katika historia ya familia ile, mdomo huo haukuwahi kufunguka ukatoka mtupu. Akautazama uso wa kaka yake katika yule msichana mrefu, akajaribu tena.

"Pangeni siku," alisema. "Halafu mtu aninyanyue hapa."

Fundi hakumnyanyua. Mkanda wa vifaa ulidondoka kwa kishindo, na alikuwa ameshazama kwenye mabega yale mapana, analia bila kusimamisha lifti yoyote, na Dada anampigapiga mgongo na kumwambia anywe maji.

Flashi alisimama na kuwatazama. Alikuwa amepata dada baada ya maisha mazima ya kuwa peke yake, na dada huyo amekumbatia mwingine, na siku ya harusi atakaa upande wa pili. Naye mwanaume aliyempenda alikuwa analia vizuri kabisa kwenye bega lisilo lake.

"Haya, basi," alisema, akiwafuata. "Inatosha. Mwachie."

"Nani amwachie nani?" aliuliza Fundi, sauti ikitokea kwenye bega la Dada.

Flashi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na hakujua. Akajipenyeza katikati.